Mita Tano za Kwanza: Sikio la Mzamiaji katika Bahari ya Pemba

Abiria wa ndege ndogo inayokaribia kutua uwanja wa Karume, Pemba, huanza kumeza mate kabla magurudumu hayajagusa lami. Mtoto mchanga hulia, mama humpa ziwa, na akishaanza kunyonya kilio hukatika. Kilichomliza ni kitu kidogo kwa hesabu. Tuseme ndege imeshuka kutoka mita 2,500 hadi usawa wa bahari: mgandamizo wa hewa umeongezeka kwa kiasi kilekile anachokutana nacho mzamiaji ambaye hajafika hata mita tatu majini. Ndege huchukua dakika kadhaa kuumaliza mteremko huo. Kijana anayejitosa kutoka kwenye ngalawa karibu na kisiwa cha Misali, kichwa chini miguu juu, huumaliza kwa sekunde tatu nne.

Nimeanza na ndege kwa sababu kuzamia Pemba kukitajwa, mawazo ya watu hukimbilia kwenye kina. Huona kuta za matumbawe za upande wa magharibi zinavyoporomoka kwenye mkondo unaoitenga Pemba na bara, mamia ya mita chini, hadi buluu inageuka weusi. Kina kirefu kina hatari zake, nazo ni kubwa. Lakini sikio, kiungo kinachoumia mara nyingi kuliko kingine chochote kwa wazamiaji, kwa kawaida haliumizwi huko. Huumizwa mahali ambapo jua bado linacheza juu ya mchanga, katika mita tano za kwanza, na kinacholiumiza ni haraka.

Hesabu yake ni hii. Tukiwa juu ya maji tunabeba uzito wa hewa ambao wanafizikia huuita angahewa moja. Kila mita kumi za maji ya bahari huongeza angahewa nyingine. Robert Boyle alichapisha mwaka 1662 kanuni inayobeba jina lake: hewa iliyofungiwa ikigandamizwa maradufu, ujazo wake hubaki nusu. Basi hewa iliyo ndani ya sikio ikishushwa mita kumi bila kuongezewa, hubaki nusu. Mita kumi zinazofuata huifikisha theluthi, na kumi nyingine huifikisha robo. Angalia jinsi kazi ilivyogawanyika: kumi za kwanza zimekula nusu nzima, kumi za tatu zimekula sehemu moja tu ya kumi na mbili. Anayeyazibua masikio vizuri mpaka mita kumi ameshamaliza sehemu ngumu ya safari. Anayesema "nitazibua nikifika chini" hafiki chini akiwa na masikio mazima.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, sikio la kati, chenye vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Ngoma yenyewe ni ngozi ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, na eneo lake linalotetemeka kwa sauti ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Chumba hicho kina mlango mmoja wa hewa: mrija wa sentimita tatu na nusu hivi, unaoteremka hadi nyuma ya pua. Tabibu wa Kiitalia Bartolomeo Eustachi aliueleza katika karne ya 16, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Sehemu yake ya juu imezungukwa na mfupa. Theluthi mbili za chini ni gegedu na nyama laini, na hukaa zimefumbana kama midomo. Tukimeza au kupiga miayo, misuli ya kaakaa huuvuta mrija ukafunguka kwa kitambo. Ule mlio mdogo, tik, unaosikika ndani ya kichwa, ndio mlango wenyewe unaofunguka.

Mlango huu una tabia ambayo kila mzamiaji anapaswa kuijua kabla hajajua jina la samaki yeyote. Hewa hutoka kwa urahisi lakini haiingii kwa urahisi. Mtu akipanda, hewa iliyotanuka hupenya yenyewe kuelekea puani. Akishuka bila kuuzibua mrija, ile midomo laini hubanwa zaidi na zaidi, hadi kwenye mita moja na robo hivi tofauti ya mgandamizo inakuwa kubwa kuliko nguvu ya misuli. Mrija umejifunga, na kupuliza kwa nguvu kiasi chochote hakuufungui. Akiendelea kushuka, ngoma inasukumwa ndani. Kwenye mita tatu inabeba msukumo sawa na uzito wa gramu 150 hivi; kwenye mita kumi, zaidi ya nusu kilo. Mwili hujaribu kuliziba pengo kwa njia yake: utando wa chumba huvimba, hutoa majimaji, kisha damu. La sivyo ngoma hupasuka, na kwa baadhi ya watu hupasuka kabla ya mita mbili.

Ndiyo maana naupinga waziwazi ule ushauri unaosikika kila pwani, kwamba zibua ukisikia maumivu. Maumivu huanza karibu na mita moja, na mlango hujifunga hatua chache baadaye. Anayesubiri uchungu ndipo aanze kazi amejiachia nafasi isiyofika urefu wa mkono. Sikio huzibuliwa mtu angali juu ya maji, likazibuliwa tena kichwa kikizama, kisha kila nusu mita, kabla halijasema chochote.

Kwa njia gani? Iliyoenea zaidi ni kubana pua na kupuliza. Inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva wa Bologna, aliyeieleza katika kitabu chake kuhusu sikio mwaka 1704, ingawa yeye hakuwa na bahari akilini: alitaka usaha utoke kwenye sikio la kati. Joseph Toynbee, tabibu wa masikio wa London katika karne ya 19, anahusishwa na kumeza mate pua ikiwa imebanwa. Ya tatu ni ya Hermann Frenzel, daktari wa Kijerumani aliyewafundisha marubani wa kijeshi wa zama za Vita Kuu ya Pili, watu walioporomoka na ndege zao kutoka juu mawinguni.

Kupuliza ndiyo njia ninayoiamini kidogo kuliko zote, japo wengi hawajui nyingine. Inategemea nguvu ya kifua, na nguvu ya kifua haina kipimo. Mtu aliyeziba hupuliza, haisikiki tik, hupuliza zaidi, uso unamwiva. Wakati huo mgandamizo wa maji yaliyo ndani ya fuvu unapanda, unasukuma sikio la ndani kutoka upande wa pili, ilhali sikio la kati liko tupu na linavuta. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna kiwambo kidogo kwenye dirisha la mviringo. Kikichanika, jambo halihusu maumivu tena, linahusu kusikia kwenyewe. Anayepuliza basi apulize taratibu, asizidishe sekunde tano, na kama hakuna kilichotokea apande mita moja kwanza.

Njia ya Frenzel haitumii kifua hata kidogo. Bana pua. Funga koo kama unayejikaza kunyanyua gunia. Kisha sukuma sehemu ya nyuma ya ulimi juu, kama unayetaka kutamka "k" ya "kaa" bila sauti kutoka. Hewa ndogo iliyonaswa kati ya koo na pua haina pa kwenda isipokuwa kwenye mirija ya masikio. Ukijitazama kwenye kioo, utaona koromeo linapanda na matundu ya pua yanatuna kidogo chini ya vidole. Ni zoezi la barazani, halihitaji maji. Wengine hulipata kwa dakika tano, wengine huhitaji wiki mbili, na sijaona kosa lolote kwa huyo wa wiki mbili.

Kwa Pemba tofauti hii ina uzito wa pekee, kwa sababu kisiwa kina wazamiaji wa aina mbili na elimu imemwendea mmoja tu.

Wa kwanza ni mgeni. Amefika Kigomasha au pwani nyingine ya kitalii, amesoma kozi ya siku chache, ana mtungi mgongoni, maski yenye kifuko cha pua anachoweza kukibana, na mwalimu anayemtazama usoni. Anashuka miguu kwanza, mara nyingi akishika kamba. Mkao huo pekee ni nusu ya dawa: kichwa kikiwa juu, utando wa mirija haujajaa damu na hewa hupanda kuelekea masikioni bila kushurutishwa. Akiashiria kwa mkono kwamba sikio limegoma, safari nzima inasimama kumngoja.

Wa pili ni mvuvi anayetafuta pweza, kamba kochi au majongoo ya bahari kwa pumzi yake. Yeye hushuka kichwa chini, kwa kuwa pumzi moja hairuhusu mteremko wa kistaarabu. Damu hukusanyika kichwani na utando huvimba. Hewa ya mapafuni iliyosinyaa inamtaka aisukume kuelekea chini, na kadiri anavyozidi kushuka ndivyo kupuliza kunavyozidi kuwa kazi bure. Mgeni hupita mita tano za kwanza mara mbili tatu kwa siku. Mvuvi huzipita makumi ya mara katika maji ya siku moja. Kama amevaa miwani ya kuogelea isiyofunika pua, hana pia njia ya kuongeza hewa mbele ya macho, na hupanda macho yakiwa mekundu kama ya mtu aliyelala moshini. Kwa ufupi, anayehitaji mbinu ya ulimi kuliko wote ndiye ambaye hakuna aliyemketisha akamfundisha.

Yuko pia wa katikati, mzamiaji wa mtungi asiyepitia darasani. Biashara ya majongoo ya bahari Zanzibar, bidhaa inayokaushwa na kupelekwa kwenye masoko ya China, imewaingiza vijana kwenye mitungi ya hewa kadiri majongoo ya maji mafupi yalivyopungua. Wengi wamefundishana wenyewe kwa wenyewe. Kufundishana si aibu, pwani yote imejengwa hivyo. Lakini kinachorithishwa kwa njia hiyo ni kile kinachoonekana: jinsi ya kufunga mtungi, jinsi ya kushika mkoba. Kinachofanyika ndani ya koo hakionekani, na hupotea njiani.

Juu ya hayo kuna bahari yenyewe. Upande wa magharibi visiwa vidogo vimejipanga, Njao, Fundo, Uvinje na vingine, na kati yao kuna milango ambamo maji ya bamvua hupita kwa kasi. Chombo kikiwatosa wazamiaji hapo, mkondo unataka wazame upesi na kwa pamoja, la sivyo watapitishwa juu ya mwamba waliouendea. Sikio linataka kinyume chake. Nimeona watu wakilitatua swali hili kwa ushupavu, yaani kwa kushuka na maumivu ili wasibaki nyuma, na huo si utatuzi. Ufumbuzi uko kwa nahodha: kuchagua maji mafu au ile nafasi fupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa, au kuwatosa mbali zaidi upande unakotoka mkondo ili wapate dakika mbili za kushuka polepole kabla mwamba haujafika. Nahodha anayeyasoma maji hivi anayaokoa masikio ya watu wanane kabla hata hawajavaa maski.

Kuna wanaoliona suala hili kuwa la watalii. Historia haiwaungi mkono. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, aliondoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 916 hivi, na wanahistoria wengi wanaiweka Qanbalu hapa Pemba. Magofu ya Ras Mkumbuu hutajwa mara kwa mara katika mjadala huo. Mtu huyohuyo aliandika kuhusu wazamiaji wa lulu wa Ghuba: walibana pua kwa kifaa cha gamba la kasa na kutia masikioni pamba iliyolowa mafuta. Kabla yake, maswali yaliyokusanywa kwa jina la Aristotle yaliuliza kwa nini masikio ya wazamiaji hupasuka baharini. Na katika karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii walizamishwa kutafuta lulu katika Ghuba ileile, kibano kikiwa puani. Masikio yao yalilipa gharama ya vito ambavyo hawakuvivaa.

Ile pamba na mafuta bado tunayo majumbani. Sikio likiuma, mtu hutiwa mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu. Kwa mzamiaji hii ni dawa ya upande usiohusika, kwani tatizo liko nyuma ya ngoma na mafuta yanaishia mbele yake. Kama ngoma imetoboka, mafuta yanaingiza vijidudu mahali pasipofaa. Pamba au kizibo chochote wakati wa kuzamia ni kibaya zaidi: kinatengeneza chumba kingine kilichofungwa, safari hii nje ya ngoma, na ngoma inaweza kuvutwa kuelekea nje. Kibano cha pua, kwa upande mwingine, huenda kiliwasaidia wale wa Ghuba kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Pua ikiwa imebanwa, kila walipomeza mate walikuwa wakifanya kile kinachoitwa leo njia ya Toynbee.

Hoja ngumu zaidi ni ya wale wanaosema acha sikio lipasuke mara moja, halitasumbua tena. Habari za namna hiyo zimeandikwa pia kuhusu jamii za wazamiaji wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Ina chembe ya ukweli: ngoma yenye tundu haina tofauti ya mgandamizo, kwa hiyo haiumi. Lakini tazama bei yake. Maji baridi yakiingia ghafla kwenye sikio la kati huvuruga kiungo cha mizani, na mtu hupatwa na kizunguzungu kikali kiasi cha kutojua juu ni wapi, akiwa na pumzi moja kifuani. Akinusurika, kila mbizi na kila josho hupeleka maji ndani. Usaha hutoka, hukauka, hutoka tena, na usikivu hupungua kidogo kidogo hadi mkewe anazoea kupaza sauti. Tundu dogo kwa kawaida hujifunga lenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi miwili, kwa sharti moja, libaki kavu. Kumwambia mvuvi akae nchi kavu wiki sita ni kumwambia nyumba isile, na anayetoa ushauri huo bila kufikiria chungu hajatoa ushauri.

Mafua yana sura yake. Utando uliovimba hufunga mrija, na wengi hutumia dawa za matone puani ili washuke. Mwaka mmoja nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Nilishuka vizuri, dawa ikaisha nguvu nikiwa chini, na wakati wa kupanda hewa iliyotanuka ikakosa pa kutokea. Kushuka ukiwa umeziba kuna njia: unapanda. Kupanda ukiwa umeziba hakuna kwa kwenda, maana hewa ya mtungi inapungua. Tangu siku hiyo nikiwa na mafua nabaki chomboni.

Limebaki lile linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Mtu ametoka majini hasikii upande mmoja, sikio linavuma, dunia inazunguka, anatapika. Inaweza kuwa kiwambo cha sikio la ndani kimechanika kwa kupuliza. Inaweza pia kuwa mapovu ya naitrojeni yameingia sikio la ndani baada ya kukaa sana kwenye kina. Dalili zinafanana, matibabu yanapingana. Wa mapovu anahitaji oksijeni na chumba cha mgandamizo. Chumba kama hicho kilianzishwa Matemwe, Unguja, na kwa aliyeko Pemba hiyo ni safari ya kuvuka bahari. Wa kiwambo anahitaji kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, asijikaze, asipulize pua, aonwe na daktari wa masikio haraka, na kumwingiza kwenye mgandamizo kunaweza kumzidishia jeraha. Kinachowatenganisha mara nyingi ni jibu la swali moja: lilianza lini? Lilianza wakati wa kushuka, sikio likiwa gumu, au baada ya kutoka mbizi ndefu ya chini sana? Mgonjwa anayetapika hawezi kulijibu vizuri. Mwenzake aliyekuwa naye majini anaweza, kwa hiyo yeye ndiye apande kwenye gari pamoja na mgonjwa hadi hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, na asiachwe gatini akikunja kamba.

Elimu ya sikio inaweza kuwafikia wavuvi kwa njia ambazo tayari zipo. Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba lilitangazwa mwaka 2005 na limekumbatia pwani ya magharibi, na shehia zina kamati zao za wavuvi. Kisiwa Panza kimeonyesha kwamba kamati hizo zinaweza kubeba jambo gumu: watu walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, wakasubiri, wakafungua. Jamii inayoweza kujizuia kuchukua pweza anayeonekana inaweza kabisa kujifunza kupandisha ulimi nyuma ya meno.

Na somo lenyewe ni dogo. Asubuhi, maji yakiwa bado yanapwa, vijana wanakaa barazani au kwenye ubavu wa ngalawa, pua zimebanwa kwa vidole viwili, midomo imefungwa. Kila mmoja anasukuma ulimi mara kumi na kusikiliza. Aliyesikia tik pande zote mbili anashuka leo. Aliyesikia upande mmoja anashika kasia, na mgao wake wa samaki haupungui.